Maradhi ya damu kutoganda: Hatari inayojificha hadi siku ya tohara

KIJANA anapotahiriwa na damu ikakataa kukoma hadi jioni, wa kwanza kulaumiwa huwa ni ngariba. Ikiendelea hadi kesho yake, lawama huhamia kwa laana, jicho la hasidi au deni la mila ambalo ukoo haukulilipa. Ni nadra mtu kuishuku damu yenyewe.

Ilhali mara nyingine huko ndiko ukweli uliko. Wapo watu wanaozaliwa wakiwa wamepungukiwa na kitu kidogo mno katika damu yao, na bila kitu hicho damu haigandi ipasavyo. Maradhi hayo, ambayo maarufu zaidi ni hemofilia, hayaambukizwi, hayaletwi na uchawi wala uchafu, na aliye nayo anaweza kuishi hadi uzeeni iwapo yatatambuliwa mapema. Yasipotambuliwa, huua au huacha kilema.

Kwa wakazi wa Kaunti ya Kajiado suala hili lina uzito wa pekee. Kaunti hiyo huanzia viungani mwa Nairobi, katika miji ya Kitengela, Ngong na Ongata Rongai, na kunyooka hadi Namanga na Loitokitok kwenye mpaka wa Tanzania. Kliniki ya hemofilia wanayoweza kuitegemea ni ile ya Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH) jijini Nairobi. Mkazi wa Kitengela huweza kuifikia kwa matatu asubuhi moja, msongamano wa magari wa Mlolongo ukimruhusu. Mfugaji wa Loitokitok ana safari ya zaidi ya kilomita 200. Damu inayovuja haisubiri safari ya aina hiyo, na ndiyo sababu maarifa ya nyumbani yana thamani kubwa huko kuliko mjini.

Nyuzi kwenye kijiti

Wafugaji wa Kimaasai wanakifahamu kitendo cha damu kuganda pengine kuliko mtu wa mjini. Ng'ombe anapofungwa kamba shingoni na kutobolewa mshipa kwa mshale ili damu ikingwe kibuyuni, kamba ikishalegezwa jeraha hujiziba baada ya muda mfupi na mnyama akarudi malishoni. Damu iliyokingwa nayo hukorogwa kwa kijiti ili isigande, na kijiti kikitolewa huwa kimezongwa na nyuzi. Nyuzi hizo, ambazo wanasayansi huziita faibrini, ndizo zinazosuka utando wa kuziba jeraha la ng'ombe na la binadamu vilevile.

Ili nyuzi hizo zipatikane, mambo matatu hutendeka. Kwanza, mshipa uliokatika hujikaza. Pili, chembe sahani, ambazo ni vipande vidogo sana vinavyoelea katika damu, hukimbilia penye tundu na kurundikana hapo. Tatu, protini za kugandisha damu, ambazo hapa zitaitwa vigandishi, huamshana moja baada ya nyingine hadi faibrini itengenezwe. Madaktari wamevipa vigandishi hivyo nambari, kuanzia cha kwanza hadi cha kumi na tatu. Hufanya kazi kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji kuzima moto: mmoja akikosekana, ndoo haifiki.

Kuna dhana moja inayofaa kuondolewa mapema. Mwenye hemofilia hatokwi na damu kwa kasi kuliko mtu mwingine. Hutokwa nayo kwa muda mrefu zaidi. Mchubuko mdogo wa kisu cha jikoni si wa kumtia hofu, kwa kuwa chembe sahani zake ni timamu na huweza kuuziba. Hatari yake kubwa ni damu isiyoonekana, ile inayovujia ndani ya kiungo, ndani ya msuli au ndani ya fuvu la kichwa.

Hemofilia ni ya aina mbili kuu. Katika hemofilia A kinachopungua ni kigandishi cha nane, na katika hemofilia B ni cha tisa. Aina ya A humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto 5,000 wa kiume wanaozaliwa, nayo B ni adimu zaidi, mmoja kati ya 25,000 au zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wanaume na wavulana 557,098 katika Kaunti ya Kajiado. Kwa hesabu nyepesi, kaunti hiyo ingetarajiwa kuwa na zaidi ya watu mia moja wenye hemofilia A pekee, kama wote waliozaliwa nayo wangekuwa wamenusurika. Utafiti uliochapishwa mwaka huo huo wa 2019 ulikadiria kwamba duniani kote kuna wanaume 1,125,000 wenye hemofilia, na wengi wao hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wanayo.

Ukali wa maradhi hutegemea kiasi cha kigandishi kilichosalia. Aliye na chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida ana hemofilia kali, na kiungo chake kinaweza kujaa damu bila hata kugongwa. Mwenye asilimia 1 hadi 5 huvuja damu akiumia kidogo. Mwenye asilimia 5 hadi 40 huenda asijijue kabisa hadi siku atakapong'olewa jino, kupasuliwa au kutahiriwa. Huyu wa mwisho ndiye anayewashtua watu wa nyumbani, kwa sababu amekimbia, amecheza mpira na kuchunga mbuzi miaka yote bila dalili yoyote ya maana.

Ugonjwa hufuata mama

Hitilafu ya hemofilia hukaa kwenye kromosomu iitwayo X. Mwanamke ana X mbili, na moja ikiwa na kasoro nyingine humsaidia. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa mbovu, hana akiba. Ndiyo maana wagonjwa wengi ni wanaume ilhali wanaoibeba hitilafu hiyo kimyakimya ni wanawake. Mama mwenye X moja yenye kasoro ana uwezekano wa nusu kwa nusu, katika kila uzazi, kumpa mwanawe.

Jambo hilo lina maana kubwa katika boma lenye wake kadhaa. Ikiwa mtoto wa mke wa kwanza amegunduliwa kuwa na hemofilia, watoto wa mke wa pili hawaingii hatarini kwa sababu ya kuchangia baba. Walio hatarini ni ndugu wa tumbo moja na, jambo linalosahaulika, wavulana wa mama wadogo na mama wakubwa walioolewa katika maboma mengine, pengine mbali kabisa. Habari inapaswa kufuata njia waliyoolewa dada hao. Isipofika huko, kijana mwingine atawekwa chini ya kisu bila mtu yeyote kujua.

Mwanamume mwenye hemofilia naye hawezi kumwambukiza mwanawe wa kiume hitilafu hiyo, kwa kuwa humpa kromosomu Y. Binti zake wote, hata hivyo, wataibeba.

Hayo si sababu ya kumlaumu mama, sembuse kumrudisha kwao. Takriban thuluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika familia ambazo hazijawahi kuwa na mtu kama huyo, kwa kuwa kasoro ilizuka upya. Na hata inaporithiwa, hakuna aliyeichagua.

Ulimwengu ulikuwa umeugundua mkondo huo wa akina mama zamani mno. Katika Talmudi, maandiko ya sheria ya Kiyahudi, marabi wa karne ya pili walikubaliana kwamba mtoto asitahiriwe ikiwa kaka zake wamekufa kwa kutahiriwa. Walitaja pia kisa cha dada wanne: watatu walipoteza wana wao kwa kisu cha tohara, na wa nne alipomleta wake akaambiwa asimtahiri. Watu hao hawakujua lolote kuhusu kromosomu, lakini walikuwa wameona kwamba damu ya mtoto ina habari za upande wa mama.

Wala hayo si maradhi ya maskini. Malkia Victoria wa Uingereza aliibeba hitilafu hiyo. Mwanawe Leopold alifariki mwaka 1884 baada ya kuanguka, akiwa na umri wa miaka 30, na kupitia kwa mabinti zake maradhi yalifika hadi jumba la kifalme la Urusi. Vipimo vya mifupa ya familia hiyo ya Urusi vilithibitisha mwaka 2009 kwamba ilikuwa hemofilia B.

Wembe, jino na sindano

Tohara si jaribio pekee ambalo mwili wa mtoto hupitia. Katika jamii ya Wamaasai kumekuwapo desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya taya la chini, na nyingine ya kuwakwangua watoto wachanga ufizi ili kutoa chipukizi za meno zinazodhaniwa kuwaletea homa na kuhara. Masikio nayo hutobolewa. Kinywa ni mahali pabaya pa kuvuja damu, kwa kuwa mate huyeyusha utando wa damu kila unapojisuka. Mtoto aliyetokwa na damu siku mbili baada ya kung'olewa jino amekwisha kutoa onyo lake la kwanza, na wazee wanaopanga tohara yake wanapaswa kulikumbuka.

Hili halimaanishi kwamba mwenye hemofilia hawezi kutahiriwa. Anaweza, lakini hospitalini, kwa mpango uliofanywa majuma kadhaa kabla, akiwa ameongezewa kigandishi anachokosa kabla ya kupasuliwa na kwa siku kadhaa baadaye. Kisichofaa ni kutahiriwa kwanza na kukimbizwa hospitalini baadaye.

Ukeketaji wa wasichana umepigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, na madhara yake yanajulikana hata kwa msichana ambaye damu yake ni timamu. Kwa msichana mwenye maradhi ya damu kutoganda, ukeketaji ni hukumu ya kifo.

Watoto wachanga wana hatari yao nyingine, ambayo haihusiani na urithi. Kila mtoto huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini K, ambayo ini hulazimika kuitumia kutengeneza baadhi ya vigandishi. Ndiyo sababu hospitalini mtoto hudungwa sindano moja ya vitamini hiyo mara tu baada ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi, asifikishwe kliniki, huikosa, na anaweza kuvuja damu kitovuni, tumboni au hata ubongoni katika majuma ya kwanza ya maisha. Sindano hiyo ni ya bei nafuu na hufanya kazi. Ni vigumu kupata kinga nyingine rahisi kama hiyo. Hata hivyo, kitovu kinachovuja siku nyingi kwa mtoto ambaye tayari alidungwa kinafaa kuchunguzwa, kwa kuwa chaweza kuwa dalili ya kukosa kigandishi cha kumi na tatu.

Wanawake wanaoambiwa wavumilie

Kwa muda mrefu maradhi haya yamesimuliwa kama ya wavulana pekee, na hilo limewaumiza wanawake. Ugonjwa wa kurithi wa kuvuja damu unaopatikana kwa watu wengi zaidi si hemofilia bali ni ule wa von Willebrand, nao huwapata wanaume na wanawake sawasawa. Umepewa jina la daktari wa Kifini, Erik von Willebrand, aliyeueleza mwaka 1926 baada ya kumchunguza msichana mdogo wa visiwa vya Åland. Msichana huyo alifariki akiwa na miaka 13, alipokuwa katika hedhi yake ya nne.

Dalili za ugonjwa huo ni za kawaida kiasi kwamba hupuuzwa: kutokwa na damu puani mara kwa mara, fizi kuvuja, alama za damu kuvilia chini ya ngozi bila sababu, na zaidi ya yote hedhi nzito. Hedhi inayopita siku saba, inayomlazimu msichana kubadilisha sodo kila baada ya saa moja au mbili, au inayotoka na mabonge makubwa, si jambo la kuvumiliwa tu. Wapo wanaoambiwa kwamba mama na nyanya zao walikuwa vivyo hivyo. Jibu hilo halipaswi kumtuliza mtu. Ni sababu ya kuwapima wote watatu.

Kenya iliondoa ushuru wa sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Ni hatua nzuri. Lakini msichana anayemaliza pakiti moja kwa siku anahitaji pia kupimwa damu, kwa sababu mwili wake unapoteza madini ya chuma kila mwezi, na uchovu, kizunguzungu na kushindwa kumakinika darasani huonekana kama uvivu. Dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, ambayo huzuia utando wa damu kuyeyuka, pamoja na baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi, huweza kuipunguza hedhi hiyo kwa kiwango kikubwa.

Wanawake wanaobeba hitilafu ya hemofilia nao si wazima kabisa kila mara. Baadhi yao wana kigandishi kidogo kiasi cha kuvuja damu nyingi wanapojifungua. Mkunga na daktari wanafaa kuarifiwa mapema, ili mama ajifungulie hospitalini na mtoto wa kiume asivutwe kwa vyombo vinavyominya kichwa.

Goti lisilofaa kukandwa

Mtoto mwenye hemofilia kali huanza kuonyesha dalili anapoanza kutambaa na kutembea. Goti linavimba, linapata joto, naye hataki kulikunja wala kulikanyagia. Watoto wakubwa husema kwamba kabla ya uvimbe kuonekana, huhisi mwasho au joto fulani ndani ya kiungo, na wazazi wanafaa kuliamini neno hilo kabla ya kuona chochote kwa macho.

Hapa ndipo makosa hutendeka. Nyumbani, goti lililovimba hukandwa kwa maji moto, na joto hupanua mishipa ili damu izidi kumwagika. Wengine humchanja mtoto chale ili kutoa damu mbaya. Katika duka la dawa mzazi huuziwa aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, ambazo hudhoofisha zile chembe sahani zilizokuwa zimebaki kuwa tegemeo la mgonjwa. Mbaya zaidi ni sindano ya maumivu inayodungwa kwenye makalio: dawa yenyewe ina madhara, na tundu la sindano husababisha damu kujaa msulini. Maumivu ya mgonjwa wa aina hii hutulizwa kwa parasetamoli.

Kinachofaa ni kumpumzisha mtoto, kuweka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa muda wa dakika 15 hadi 20 na kurudia baada ya saa chache, kufunga bendeji bila kukaza sana, na kuuinua mguu juu ya mto. Hayo huchelewesha tu. Tiba ni kigandishi, na kadiri kinavyotolewa mapema, ndivyo kiungo kinavyookoka.

Kiungo kilichojaa damu mara nyingi hupoteza gegedu, ule utelezi unaozuia mifupa kusagana. Magoti, vifundo vya miguu na viwiko ndivyo huathirika zaidi. Kijana asiyetibiwa anaweza kufika umri wa miaka 15 akiwa na goti lisilonyooka tena, na watu wakadhani aliugua polio. Tabibu wa viungo, ambaye kazi yake hudharauliwa, ana nafasi kubwa hapa: mazoezi ya kuimarisha misuli baada ya damu kukoma huzuia kiungo hicho hicho kuvuja tena.

Yapo maeneo mawili yasiyoruhusu kusubiri. Pigo la kichwa, hata kama mtoto anaonekana mchangamfu, humlazimu kupelekwa hospitalini papo hapo, na kigandishi kitolewe kabla ya picha ya kichwa, si baada yake. Maumivu ya kinena au tumbo la chini, mgonjwa akishindwa kunyoosha paja, nayo yanaweza kuwa damu ndani ya msuli mkubwa wa nyonga. Daktari asiyeambiwa habari za hemofilia anaweza kudhani ni kidole tumbo na kumpasua.

Dawa ilikotoka na inakopatikana

Hadi miaka ya 1960, tiba ilikuwa kuongezewa damu nzima au plazma, ambayo ni maji ya damu yasiyo na chembe. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Marekani, Judith Graham Pool, aligundua kwamba plazma iliyogandishwa kwa baridi, ikiyeyushwa polepole, huacha mashapo yenye kigandishi cha nane kwa wingi. Mashapo hayo, yaitwayo krayo, yangali yanaokoa maisha mahali ambapo hakuna dawa nyingine. Lakini krayo haina kigandishi cha tisa, na kumpa mwenye hemofilia B ni kupoteza muda. Yeye huhitaji plazma yenyewe. Kwa hivyo, familia haina budi kujua mgonjwa wao ni wa A au wa B.

Baadaye ikaja dawa ya unga iliyokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji damu. Ilileta nafuu na pia msiba: katika miaka ya 1980 maelfu ya wenye hemofilia, hasa katika nchi tajiri, waliambukizwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini kupitia dawa hiyo. Njia za kuua virusi zilipatikana, na mwaka 1992 kikaidhinishwa Marekani kigandishi cha nane kilichotengenezwa maabara bila kutegemea damu ya watu.

Kigandishi cha nane hupungua kwa nusu mwilini ndani ya saa 8 hadi 12 hivi, na kwa hivyo anayekitumia kwa kinga hudungwa mshipani mara mbili au tatu kwa juma. Kwa mtu wa Kajiado, nauli pekee ingemshinda. Ndiyo sababu dawa ya emisizumabu, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 2017, imebadilisha mambo. Huitenda kazi ya kigandishi cha nane, hudungwa chini ya ngozi, na mgonjwa huweza kuitumia mara moja kwa juma, kwa majuma mawili au hata manne. Ni ya hemofilia A pekee. Huwafaa pia wale ambao miili yao imeanza kukipiga vita kigandishi wanachodungwa, tatizo linalowapata takriban asilimia 30 ya wenye hemofilia A kali.

Tiba ya kurekebisha jeni imekwisha kupatikana katika nchi za Magharibi. Moja ya hemofilia B iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 iliwekewa bei ya dola milioni 3.5 kwa mgonjwa mmoja. Hiyo, kwa sasa, ni habari ya kusomwa tu.

Nchini Kenya, kigandishi kinachotumika hospitalini kwa sehemu kubwa ni cha msaada unaoletwa kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoasisiwa mwaka 1963 na Frank Schnabel, mfanyabiashara wa Montreal, Kanada, ambaye mwenyewe alikuwa na maradhi hayo. Mbali na KNH, huduma hutolewa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret na katika hospitali kuu ya Mombasa. Jose Memorial Haemophilia Society na Kenya Haemophilia Association ni miongoni mwa makundi yaliyobeba mzigo wa kuwatafuta wagonjwa na kuwaelimisha wazazi. Msaada una udhaifu wake: dawa hufuata idadi ya wagonjwa walioandikishwa. Asiyejulikana hahesabiwi, na asiyehesabiwa haagiziwi dawa.

Kuishi nayo

Mgonjwa anafaa kubeba kadi inayoonyesha aina ya hemofilia, ukali wake, kundi lake la damu na nambari ya simu ya kliniki yake. Kadi hiyo humsaidia hata anapookotwa barabarani, na barabara ya Namanga haikosi ajali. Mwalimu wa darasa anapaswa kuambiwa, asije akamdhania mtoto mwenye alama za damu kuvilia kuwa anapigwa nyumbani, au yeye mwenyewe akamwadhibu kwa kiboko, jambo ambalo sheria ya Kenya ilikwisha kulikataza tangu mwaka 2001.

Chanjo zote ni muhimu, ikiwemo ya homa ya ini aina ya B. Muuguzi aombwe kutumia sindano nyembamba na mahali palipodungwa pabanwe kwa dakika 10 bila kusuguliwa. Meno yapigwe mswaki kila siku ili yasifike kung'olewa. Kuogelea na kutembea kwafaa. Ndondi, mieleka na raga hazifai. Anayetokwa na damu puani aketi, ainamishe kichwa mbele wala asikirudishe nyuma, na abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 20.

Familia pia inafaa kujiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kwa sababu hata dawa ikiwa ya msaada, kitanda na vipimo vina gharama.

Vipimo vyenyewe huanza kwa maswali: nani katika ukoo wa mama aliwahi kuvuja damu, na lini. Hufuata hesabu kamili ya damu, ambayo huonyesha kama chembe sahani ni za kutosha, kisha vipimo viwili vya muda wa damu kuganda. Mwenye hemofilia huwa na chembe sahani za kawaida na kipimo kimoja cha kawaida, ilhali kile cha pili, kiitwacho aPTT, huwa kimerefuka. Katika hemofilia nyepesi na katika ugonjwa wa von Willebrand hata hicho cha pili kinaweza kuonekana sawa, na mwenye historia ya kuvuja damu asikubali kurudishwa nyumbani kwa jibu hilo pekee. Aombe kupimwa vigandishi vyenyewe, huduma inayopatikana katika maabara chache za Nairobi. Majibu huweza kuchukua siku kadhaa. Kwa wanaopanga tohara ya likizo ya Desemba, Oktoba ni mwezi mzuri wa kwenda hospitalini.